Kocha Aliyekuwa Kwenye Simu

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wetu, Tonton Fidèle, kwa simu. Mwili ulikuwa Lubumbashi, sisi tulikuwa sebuleni kwa mama, Anderlecht, ghorofa ya saba, tumebanana kwenye kochi mbele ya kioo kidogo cha simu kilichoegemezwa kwenye bakuli la matunda. Binamu aliyeshika simu kule alikuwa akitembea nayo, kwa hiyo tuliona viatu vya watu na udongo mwekundu zaidi ya tulivyoliona jeneza. Kila picha ilipoganda, mama alisema kwa sauti ya chini, "Sogea kidogo. Tuonyeshe mbele," kama vile binamu angeweza kumsikia. Wengine walikuwa wakilia. Mimi nilimtazama mama, kidole chake kikielekeza watu walio mbali kiasi kile, na nikajikuta nimerudi kwenye uwanja wa nyasi zilizochakaa nyuma ya maghala, nina miaka kumi, soksi zimenishuka.

Timu yetu ilikuwa ya watoto wa mtaa tu. Tulicheza wanane kwa wanane, Jumamosi asubuhi, wavulana tisa au kumi na mimi, msichana peke yangu, kwa sababu katika umri ule walikuwa bado hawajatutenganisha. Kocha wetu wa kwanza alikuwa mwanafunzi mmoja Mbelgiji mwenye ndevu chache, ambaye alihamia mji mwingine msimu ukiwa umeanza tayari. Wazazi wakaitwa wachague mtu. Kila baba aliangalia viatu vyake. Mama, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwauguza, alisema yeye angeshika begi la mipira na filimbi mpaka apatikane kocha. Nadhani alisema hivyo ili kikao kiishe akalale.

Jumamosi iliyofuata, kabla hata hatujaanza, akina baba walikuwa wameshamzunguka. Huyu anasema mwanawe acheze mbele, yule anasema tubaki nyuma wote. Aliyezungumza zaidi alikuwa Papa Dédé, baba yake Cédric, mshambuliaji wetu, mtu mwema mwenye kofia ya sufu ambaye alijua mpira kweli ila kazi yake ya kuendesha lori haikumruhusu kuja kila wiki. Mama aliwasikiliza wote. Kisha akatoa kwenye mkoba ile kadi ya simu ya kukwaruza aliyokuwa akinunua madukani Porte de Namur, akaikwaruza kwa ukucha, akabonyeza namba ndefu akizitamka kwa Kifaransa moja moja, na akampigia kaka yake.

Tonton Fidèle alikuwa fundi wa magari, na kwa miaka mingi alikuwa amefundisha timu ya vijana huko Katuba, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Mimi nilimjua kwa sauti tu. Ilikuwa sauti nene yenye mkwaruzo, ambayo kila mwaka mpya iliniuliza kama ninasoma vizuri. Siku ile mama aliweka simu sikioni na kuanza kumweleza yanayoendelea uwanjani, na tonton akawa anamwambia la kufanya. Tulipata sare. Papa Dédé alimuuliza mama alikuwa akiongea na nani, na alipoambiwa ni kaka, kocha wa Lubumbashi, aliinamisha kichwa kwa heshima. Tangu siku hiyo hakuna baba aliyesema tena jambo kuhusu nani acheze wapi. Waliuliza tu, "Tonton anasemaje?"

Nilicheza beki wa kushoto, na katika kipindi cha kwanza upande wangu ulikuwa ule aliposimama mama. Kwa hiyo nilisikia nusu ya mazungumzo yao, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi.

"Beko batatu nyuma, kaka. Hapana, batatu. Ule mukubwa anachoka." Kimya. "Kipa yao? Mufupi. Mufupi kabisa, na anapiga miayo." Kimya tena. Kisha mama aligeukia uwanjani na kupaza sauti: "Cédric! Tonton anasema upige ya juu!"

Cédric alipiga ya juu, na ikaingia. Sisi watoto tuliona ni uchawi. Kulikuwa na mvulana mzito, Bilal, ambaye kocha wa zamani alikuwa akimwacha benchi. Tonton aliamuru awekwe mbele ya goli la wapinzani asimame tu, asikimbie popote, na mabeki wawili walipoteza mchezo mzima wakimsukuma Bilal huku Cédric akipita pembeni. Wakati mwingine aliamuru kipa wetu abadilishane nafasi na mtu wa kati baada ya mapumziko, bila sababu tuliyoielewa, na tulitii.

Kwangu mimi amri ilikuwa moja. Nisivuke mstari wa katikati. Mama alikuwa amemwambia ukweli wote, kwamba sina mbio ila sichoki na siogopi kuumia, na tonton akasema basi huyo abaki nyuma alinde nyumba. Nilitii tangu majani yalipoanza kudondoka mpaka baridi ilipokaza. Mpira ulipokuwa upande wa wapinzani, mbali kule, nilisimama kwenye ule mstari mweupe, vidole vya viatu vikigusa chokaa, nikitazama wenzangu wakifurahi.

Na niliamini kwamba ananiona. Wenzangu wa rika langu watakumbuka tulivyoziona simu siku zile. Hazikuwa na picha, lakini mimi sikufikiri kwamba mtu angeweza kujua mambo mengi kiasi kile kwa kusikia tu. Nilikuwa na hakika kuna namna fulani, labda kupitia kile kitundu kidogo cha juu, tonton anatutazama. Kwa hiyo kila nilipopita karibu na mama nilipandisha soksi. Siku moja nilianguka vibaya, nikajizuia kulia, nikainua mkono kuelekea simu kumwonyesha kwamba sijavunjika. Mama aliona ule mkono.

Baada ya likizo ya karnavali, mwishoni mwa baridi, mambo yalibadilika. Sasa ninajua jinsi ya kuyaona mabadiliko yale, lakini wakati ule niliona lililonihusu mimi tu. Mama alikuwa akiongea zaidi na kunyamaza kidogo. Zamani alisema sentensi mbili na kusikiliza kwa muda mrefu. Sasa alieleza bila kukoma, polepole, kwa undani, mpaka na rangi ya mawingu na mbwa aliyeingia uwanjani. Na siku moja, mpira ukiwa kwa Cédric, nilimsikia akiita jina langu na kusema, "Panda! Mutoto, panda!"

Nilisimama kwenye mstari nikimtazama. Nilidhani amekosea mtu. Alionyesha simu kwa kidole, kama kusema amri imetoka huko, na akaonyesha nafasi iliyokuwa wazi mbele yangu, kijani kitupu hadi kwenye bendera ya kona. Nikavuka. Ninakumbuka jinsi ardhi ya upande ule ilivyokuwa laini, haijakanyagwa sana. Cédric alinipasia, nikaurudisha katikati bila kuangalia, na Bilal, aliyekuwa amesimama tu, aligongwa na mpira kwenye goti ukaingia golini. Walimbeba Bilal. Mimi nilirudi nyuma nikikimbia na moyo wangu umejaa tonton.

Kuanzia hapo nilipanda kila Jumamosi, mara tatu, mara nne kwa mchezo. Nilifikiri tonton amenichunguza kwa miezi mingi na hatimaye ameniamini. Nilimchorea barua: mimi ninavuka mstari, jua, bendera, na chini nimeandika shukrani, *merci tonton*. Nikampa mama ampelekee na mtu anayesafiri. Mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu, amesimama jikoni na sare yake ya kazi. Akasema tonton atafurahi, kisha akageuka kuangalia sufuria ambayo haikuwa hata motoni.

Mchezo ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa masika, dhidi ya timu iliyotoka mtaa wa Forest. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, kipindi cha kwanza kinakaribia kuisha, na Papa Dédé alikuwa na nafasi siku hiyo, amesimama ubavuni mwa mama chini ya mwavuli. Beki wao mmoja alipiga mpira kuutoa, ukaja upande wetu kwa nguvu na kumpiga mama kwenye mkono. Simu iliruka. Ilianguka kwenye nyasi zilizoloa na kuachana vipande vitatu, kama simu zilivyokuwa zikiachana siku zile. Kifuniko huku, mwili wa simu kule, na betri ikateleza mpaka miguuni pangu.

Niliiokota, nikaifuta kwenye jezi, nikakimbia kumpelekea. Mama alikuwa ameshainama na kuokota simu. Papa Dédé alikuwa akimuuliza tonton anasemaje sasa, tubadilishe au tusibadilishe. Mama aliweka simu sikioni. Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo, kaka," akamgeukia Papa Dédé na kumwambia tonton anasema tusibadilishe, mutoto apande tu.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na betri kiganjani.

Aliniona. Macho yake yalishuka hadi kwenye mkono wangu yakarudi usoni pangu, na simu bado iko sikioni, nyepesi, mgongo wake wazi. Mwamuzi alipuliza filimbi ya kurusha mpira. Kaptura yangu haikuwa na mfuko, kwa hiyo niliisukuma ile betri ndani ya soksi, nikarudi kwenye nafasi yangu.

Sijui nieleze vipi dakika zile. Sikuelewa lolote kuhusu tonton, sikufika huko. Nilichoelewa ni kwamba hakuna mtu kwenye simu, na kwamba yule aliyekuwa akinituma mbele ni mama tu. Mama, ambaye hajui hata kufunga kamba za viatu vya mpira vizuri. Mama anayesema "ule mukubwa" na "ule wa nywele". Betri ilikuwa ikinikwaruza kifundo cha mguu. Nikamsikia, wazi kabisa, sauti ile ile ya kila Jumamosi: "Panda! Panda sasa!"

Nafasi ilikuwepo. Niliiona. Nikabaki kwenye mstari.

Cédric hakuangalia kwa sababu alikuwa amezoea kunikuta pale. Aliusukuma mpira kushoto, kwenye utupu, na winga wao akauchukua akiwa peke yake na kwenda nao moja kwa moja hadi golini kwetu. Mbili kwa moja, na ikaisha hivyo hivyo. Kipindi cha pili mama hakusema panda tena.

Baada ya mchezo Papa Dédé alikuwa na huzuni, akasema kwa upole kwamba leo tonton alikosea, kumpandisha mtoto wakati wa mvua. Mama alikuwa akikusanya mipira. Alisimama wima akasema, "Hapana, Papa Dédé. Haiko yeye. Njo miye nilisema." Papa Dédé alicheka kidogo, akidhani anamlinda kaka yake, akatuaga.

Kwenye metro tulikaa tukitazamana, begi la mipira kati ya miguu yetu, mvua ikitiririka kutoka kwenye nywele zangu. Niliingiza mkono kwenye soksi, nikatoa betri, nikamwekea mapajani. 

Aliniambia kwamba wakati wa karnavali tonton alianguka gereji. Kiharusi. Alikuwa hai, alikuwa anakula, alikuwa anawatambua watu, lakini maneno hayatoki. Tantine Alphonsine, mkewe, humwekea simu sikioni, juu ya mto, kila Jumamosi kabla hatujaanza, kwa sababu siku ya kwanza mama alipopiga na kuambiwa habari, tonton alimshika mkewe mkono asiikate.

"Anasikia yote," mama alisema. "Kinywa yake tu njo inakatala. Basi namuelezea. Namwambia kila kitu."

Nikamuuliza nani basi alikuwa akiamua.

Aliangalia sakafu ya metro, akakubali kwa sauti ya mtu anayekiri kwamba ameunguza maharage. "Ni miye."

"Tangu karnavali?"

"Tangu karnavali."

"Na panda?"

"Ni miye."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema mwanzoni aliamini tonton atapona kabla hatujagundua. Tena aliogopa akina baba, kwamba wangemnyang'anya begi na filimbi, na alikuwa ameanza kupenda vile vitu. Kisha akasema la tatu, ambalo sijalisahau: kwamba aliona nikiambiwa ni tonton ninakimbia vizuri, na hakutaka kuniharibia.

Hapo nililia, kwa sauti, mbele ya watu. Nilimwambia nilisikia. Nilisikia panda na nilikataa makusudi, kwa sababu nilijua ni yeye.

"Najua," mama alisema. "Nilikuona." Alinipangusa pua kwa mkono wa koti lake. "Hata miye nisingepanda kwa neno ya mama yangu."

Leo nina umri aliokuwa nao mama siku ile, na nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Mwanzoni hakujua mpira. Hilo ni kweli. Lakini kwa miezi mitano alilazimika kumweleza mtu asiyeona, mtu mkali anayeuliza yuko wapi, anasimama vipi, mguu gani, amechoka au hajachoka. Ilibidi aangalie kuliko baba yeyote pale pembeni. Tonton aliponyamaza, macho yale yalibaki kwake. Yeye ndiye aliyeona kwamba winga wa kila timu huchoka baada ya dakika ishirini, na kwamba mtoto asiye na mbio akiondoka mapema hahitaji mbio. Mimi nilipandisha soksi kwa ajili ya mjomba aliye mbali kabisa, na aliyekuwa akinitazama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na viatu vyake vya kazi vimeloa.

Jumamosi iliyofuata alituita wote, watoto na wazazi, kabla ya kuvaa, akawaambia. Hakupamba. Alisema kaka yake ni mgonjwa na hasemi, na maamuzi tangu karnavali ni yake, mabaya na mazuri, na anayetaka begi alichukue. Bilal aliuliza kama tonton ataendelea kusikiliza. Mama akasema ndiyo. Papa Dédé alivua kofia yake, labda akihesabu kichwani michezo tuliyoshinda tangu karnavali, maana ilikuwa mingi. Mwisho akasema, "Bon. Alors, maman kocha, mutoto wangu anacheza wapi leo?"

Katika kipindi cha kwanza aliniita mara moja tu. Hakupaza sauti sana. "Panda," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuonyesha simu. Nilikwenda. Niliupata mpira, nikaupiga vibaya, ukatoka nje nyuma ya goli. Nilirudi nikikimbia bila kumtazama, na nilipopita mbele yake alisema, "Tena." Nikaenda tena, na tena, hata mapafu yakawaka. Hatukufunga.

Dakika kumi za mwisho akanitoa. Sikuwa nimewahi kutolewa na nilidhani ananiadhibu kwa ajili ya Jumamosi iliyopita. Alinivalisha koti, akaifunga zipu mpaka kidevuni, akasema tu kwamba miguu yangu imekwisha na winga wao mpya ana nguvu. Alikuwa amesema kweli. Kisha akatoa simu sikioni pake na kuniwekea mkononi, ya moto.

"Mueleze," alisema. "Miye niko na kazi."

Nilisikia pumzi. Ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo ule ule, na nyuma yake jogoo na redio ya mtu. Sikujua niseme nini kwa mtu ambaye nilidhani ananiona muda wote ule. Nikaanza na mvua, kwamba leo hakuna. Nikamwambia Bilal amesimama mahali pake. Nikamwambia mpira uko kwa Cédric, sasa hauko tena, sasa umerudi, kwamba mama ametembea mpaka kwenye mstari na anamwita mvulana aliyechukua nafasi yangu, anamwonyesha kushoto, na kushoto kuko wazi kabisa, tonton, hakuna mtu.

"Na anapanda," nikasema. "Anamtii."

Pumzi ilisimama. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuitambua, fupi, kama mtu anayesukuma meza nzito, na ikaja tena. Tantine Alphonsine akachukua simu na kuniuliza kwa haraka nimemwambia nini mzee, maana anacheka.

Nilimvuta mama koti nikamwambia tonton anacheka. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kule mbele, kwa watoto, na mkono wake ukanitafuta kichwani na kubaki hapo.

"Usinyamaze," alisema. "Endelea kumuambia."